Kiti cha Pilates: springi nyepesi ndo inayokutoa jasho

Kiti cha mazoezi ya Pilates ukikiona mara ya kwanza unadhani ni stuli tu ambayo fundi alijisahau akaipachika pedali. Ni kiboksi kifupi, juu kina sponji yenye kava, mbele kuna ubao unaopanda na kushuka, na huo ubao umeshikwa na springi mbili, vingine vina nne, basi. Hakuna mkanda wa kukimbilia, hakuna vyuma vya kuongeza, hakuna skrini ya kukuhesabia chochote. Alafu mtu anakwambia hebu kaa, weka miguu kwenye pedali, ishushe taratibu, haya sasa irudishe taratibu zaidi, na hapo kwenye kurudisha ndo unaanza kuelewa kwamba hiki kitu hakina utani.

Majina yake ni mengi. Wengi wanasema kiti cha Pilates, wanaofuata mtindo wa zamani wanasema Wunda Chair ambalo ndo jina alilokipa mwenyewe aliyekibuni, na watengenezaji wa siku hizi kila mmoja ana jina lake la biashara. Kazi ni ileile lakini: springi zinakupa upinzani kupitia pedali, na wewe unacheza nazo ukiwa umekaa juu ya kiti, umesimama pembeni yake, umelala kifudifudi juu yake, umelala chini sakafuni mbele yake, au umesimama juu ya pedali yenyewe, na hiyo ya mwisho ndo inayowatoa watu macho.

Kidogo historia, maana ndo inaeleza kwanini kiko kifupi hivyo. Joseph Pilates, ndo aliyebuni mazoezi haya na hiki kiti, alizaliwa Ujerumani mwaka 1883, Vita vya Kwanza vya Dunia vikamkuta Uingereza akawekwa kizuizini kama Wajerumani wenzake, na mwaka 1926 akavuka kwenda Marekani ambako yeye na Clara, mwenza wake, walifungua studio New York. Mazoezi yake hakuyaita Pilates, aliyaita Kontroloji, yaani ukitaka kwa Kiswahili cha haraka ni elimu ya kuumudu mwili wako. Jina Pilates ndo lililokuja kushika, mpaka mwaka 2000 mahakama moja huko New York ikaamua kwamba limeshakuwa jina la aina ya mazoezi na hakuna wa kulimiliki peke yake. Sasa huyu mzee alikuwa mtu wa kubuni mashine, na ile maarufu kuliko zote, rifoma, ni kama kitanda chenye kigari kinachoteleza, urefu wake unapita mita 2. Nyumba za ghorofa za New York hazina nafasi ya kitanda cha pili cha kuchezea. Kwahiyo akaja na kiti ambacho ukikigeuza kinakuwa kiti cha kawaida cha kukalia, ukikigeuza tena ni jimu. Vya leo vingi hata havigeuki tena, vimebaki na ule udogo tu, urefu wa kama sentimita 60 na kitu toka chini hadi kwenye sponji, unakisukuma ukutani ukimaliza na maisha yanaendelea.

Haya, tuje kwenye springi, maana hapa ndo watu wengi wanapotea na mimi nilipotea pia.

Chuma cha kunyanyua kina uzito mmoja. Kama ni kilo 10 basi ni kilo 10 chini, katikati na juu. Springi haiko hivyo, springi kadri unavyoivuta ndo inavyozidi kukaza. Pedali ikiwa juu springi imelegea kidogo, unavyoishusha inavutika, na pale chini kabisa ndo inakusukuma kwa nguvu zaidi ikitaka kurudi. Kwahiyo sehemu ngumu ya kusukuma ni mwishoni, na sehemu ya hatari ni ileile, kwasababu ukilegeza kidogo tu pedali inaruka juu na kukupigia kelele. Kurudisha pedali bila kelele ni nusu ya zoezi lenyewe. Msuli unafanya kazi ukiwa unajikunja, unafanya kazi pia ukiwa unarefuka huku unazuia, na kwenye kiti hiyo kazi ya pili huwezi kuikwepa hata ukitaka.

Ukali wa springi unaupanga nyuma ya kiti, kuna kulabu au matundu ya ngazi tofauti, unahamisha springi juu au chini. Kwenye vile vya mtindo wa zamani, kuipandisha ni kuikaza. Mgeni akishaelewa hapo anafanya hesabu ya jimu: springi nzito ni kwa wenye nguvu, nyepesi ni ya wanaoanza. Hesabu hiyo ni sahihi nusu.

Ukiwa umekaa kwenye kiti unasukuma pedali kwa miguu, kweli, springi ni mpinzani wako, ikiwa nzito unapata shida zaidi. Lakini sasa geuka, weka viganja vyote viwili kwenye sponji, panda na vidole vya miguu kwenye pedali, mgongo uwe wa mviringo, makalio yaelekee juu, alafu jinyanyue mpaka pedali ipande. Hapo springi haipigani na wewe, inakubeba. Tuseme una kilo 60 na springi inakusukuma juu kwa nguvu ya kama kilo 30, maana yake mabega na tumbo lako vinabaki na kazi ya ile nusu nyingine. Punguza springi iwe ya kilo 15, ghafla una kilo 45 za kujibebea mwenyewe. Kwahiyo yule mgeni aliyesema "niwekee nyepesi mimi bado naanza" kajichimbia kaburi kwa mkono wake, na mwalimu akimwambia ongeza springi anadhani anaonewa. Mimi nilibishana kabisa. Nikapewa nyepesi nilivyotaka, nikajaribu kunyanyuka, pedali haikutoka chini hata kidogo, nikabaki nimeinama pale kama mtu aliyedondosha sindano.

Kuna na hali ya katikati. Weka mguu mmoja juu ya sponji, mwingine kwenye pedali, simama kama unapanda ngazi. Springi inakusaidia kupanda, ila wakati wa kushuka paja la mguu wa juu ndo linaamua unashuka kama mtu au unaanguka kama gunia. Ukiweka springi nzito mno hata kushuka hushuki, hasa kama mwili wako ni mdogo, pedali inakukatalia njiani. Kwahiyo hakuna namba moja ya springi ambayo ni yako, kila zoezi lina springi yake, na swali la kujiuliza kabla hujapanga ni je hapa springi inanipinga au inanibeba.

Hata hivyo springi peke yake haielezi kwanini kiti ni kigumu kuliko rifoma, maana springi zipo kote. Tofauti kubwa ni sehemu ya kujishikizia. Kwenye rifoma muda mwingi umelala, mgongo wote umeegemea kigari, mabega yamezuiwa na vizuizi. Kwenye kiti umekaa wima kwenye kasponji kadogo bila egemeo la nyuma, na miguu iko kwenye kitu kinachotembea. Ukisukuma pedali mwili unataka kurudi nyuma, ukirudisha unataka kwenda mbele, na cha kukuzuia ni misuli ya tumbo la chini, kiuno na nyonga. Ndo maana zoezi linaitwa la miguu lakini kesho yake kinachouma ni tumbo. Vingine vina vishikio viwili virefu pembeni, na sioni aibu yoyote kuvishika, ila kuna watu wanavikumbatia mpaka mikono inafanya kazi yote na tumbo limelala usingizi.

Mazoezi yenyewe sitayamaliza hapa. La kwanza karibu kila mtu anaanza nalo ni kusukuma kwa miguu ukiwa umekaa, mara kwa visigino, mara kwa vidole, mara visigino vimegusana na vidole vimeachana, na kila mkao unaamsha sehemu tofauti ya mguu. Lingine ni kulala kifudifudi kwenye sponji, mikono kwenye pedali, miguu imenyooka nyuma hewani, pedali ikipanda kifua kinafunguka na mgongo unajikunja kwenda nyuma. Hilo linapendeza sana kwa kuangalia. Ukilifanya kwa kukunja kiuno peke yake bila kutumia mgongo wa juu, kiuno kitakukumbusha usiku. Kuna la kukaa ubavu, mkono mmoja unashusha pedali na mwili unanyooka kama upinde, na hili nalipenda kwasababu ni moja ya machache ambapo unapumua vizuri bila kujilazimisha.

Viti vingi vya sasa pedali yake imegawanyika katikati, kuna kijiti cha kuziunganisha ukitaka iwe moja, ukikitoa kila mguu unakuwa na pedali yake na springi yake. Hapo ndo siri zinatoka. Ulikuwa unadhani miguu yako ina nguvu sawa, kumbe wa kulia umekuwa ukimbebea wa kushoto miaka yote, sasa ukiutenganisha unaona kabisa pedali moja inashuka laini na nyingine inatetemeka njia nzima.

Nani akae mbali kidogo, au aanze na mtu anayejua? Mwenye magoti yanayouma aangalie sana urefu wa mapaja na pedali inapoanzia, maana pedali ikiwa juu goti linakunjika sana huku limebanwa. Mwenye mifupa iliyopungua uzito asijikunje mbele chini ya mzigo mpaka aongee na daktari wake. Viganja navyo, yale mazoezi ya kujinyanyua yanavikunja kwa digrii karibu 90 na uzito juu yake, sio kila mtu anaweza. Mjamzito asianze kiti kama jambo jipya kwa kufuata video.

Na kushuka kwenye kiti kuna adabu yake. Ukiwa umesimama juu ya pedali usiruke, shuka mguu mmoja sakafuni huku mwingine ukiendelea kuikandamiza, alafu iachie pedali ipande taratibu. Vidole na watoto visiwe chini ya pedali. Soksi za kawaida zinateleza, bora miguu mitupu au zile zenye vidoti vya mpira chini.

Springi zenyewe zinachoka, hilo wauzaji wa mitumba hawakwambii. Baadhi ya watengenezaji wanashauri zibadilishwe kila baada ya kama miaka 2, na kiti cha kufundishia watu wengi ni mapema zaidi. Kabla ya kupanda kagua kila springi uangalie kama kuna mahali imeachia nafasi kubwa kati ya mizunguko yake wakati imelegea, kama ina kutu au imepinda, na kama kulabu imekaa mpaka mwisho. Ikiwa moja imechoka, badilisha zote mbili, maana mpya na ya zamani zikikaa pamoja pedali inavuta upande mmoja na utaishia kulaumu mguu wako wa kushoto bure.