Umeboreka? Dhana potofu kuhusu tovuti za ajabu za watu binafsi

Juzi mpwa wangu alikuwa amelala kifudifudi mkekani, simu mkononi, akashusha pumzi ndefu. "Mjomba, nimeboreka." Kamusi inasema kuboreka ni kuwa bora zaidi. Mtaani neno hilohilo lina maana nyingine kabisa, na kijana alikuwa kwenye ile ya mtaani. Apu zake tatu alikuwa amezizungukia mara mbilimbili, na kila moja ilimpa video zilezile alizotoka kuziona kwenye nyingine. Nikamwambia afungue kivinjari, aandike neal.fun. Akauliza, "Hiyo apu naipata wapi?"

Si apu. Ni tovuti ya mtu mmoja, Mmarekani anayeitwa Neal Agarwal, anayetengeneza vitu vya ajabu na kuviweka hapo ili yeyote aje aguse, bila kujisajili. Nilipomweleza hivyo alianza kutoa pingamizi moja baada ya jingine, na baadhi yake nimeyasikia kwa watu wazima pia. Nayajibu hapa.

Dhana: "Tovuti za watu binafsi zilishakufa zamani"

Kilichokufa ni mtaa mmoja mkubwa. Uliitwa GeoCities, ulianza Marekani mwaka 1994, na ulikuwa mtaa kwelikweli: ukijiunga unachagua kitongoji kulingana na unachokipenda, unapewa namba kama ya nyumba, kisha unapamba utakavyo. Wapenzi wa hadithi za viumbe wa anga walikaa Area51, wa kompyuta walikaa SiliconValley, wenye kurasa za familia walikaa Heartland. Yahoo iliununua mtaa huo mwaka 1999 kwa takribani dola bilioni 3.6, na Oktoba 2009 ikafanya bomoabomoa: kurasa kwa mamilioni zikafutwa. Tawi la Japani lilivumilia hadi Machi 2019. Watu wa kujitolea wa kundi la Archive Team waliwahi kuokoa sehemu kubwa kabla ya tingatinga kufika.

Wakazi walitawanyika tu. Mwaka 2013 Kyle Drake alifungua Neocities, ambako mtu hupewa bure nafasi ya gigabaiti 1 na kufanya anachotaka. Nenda neocities.org/browse uone: mmoja ameweka mkusanyiko wa vifutio vyake vya shule, mwingine ameandika kuhusu treni tu, mwingine ukurasa wake unameta hadi macho yanauma. Hakuna vinavyofanana viwili, na hilo peke yake linapumzisha akili.

Kwetu habari ni tofauti kidogo. Wakati Ndesanjo Macha anaanza blogu yake ya Jikomboe mwaka 2004, na mpigapicha Muhidin Issa Michuzi akifuata mwaka 2005, blogu ziliitwa magazeti tando, jina ambalo hadi leo naona lilistahili kudumu. Watu husema Facebook ndiyo iliyozimaliza. Hiyo ni nusu ya habari. Tanzania ilipotoa kanuni za maudhui ya mtandaoni mwaka 2018, mwenye blogu alitakiwa kulipa shilingi 100,000 za maombi, shilingi 1,000,000 za leseni na shilingi 1,000,000 nyingine za mwaka. Mtu aliyekuwa anaandika mambo ya kijijini kwao kwa kujifurahisha hakuwa na sababu ya kutoa milioni mbili na ushee. Wapo walioamua kuzima taa.

Dhana: "Zingekuwa nzuri, Google ingezionyesha"

Google hujibu swali. Aliyeboreka hana swali. Angekuwa nalo asingekuwa ameboreka. Tena mwenye ukurasa kuhusu vifutio hashindanii nafasi ya juu kwenye matokeo. Hajui hata kama mashindano hayo yapo.

Huku mtu hufika kwa kuelekezwa. Ni kama kutembea Mji Mkongwe: unaingia uchochoro, unapotea, unamkuta mzee barazani, anakuonyesha kidole, unatokea mahali ambapo hukukusudia. Miaka ya 1990 tovuti zilijifunga pamoja kwa pete, kila moja ikiwa na kitufe cha kukupeleka kwa jirani wa kulia au wa kushoto, hadi unazunguka na kurudi ulikoanzia. Baadaye ikaja StumbleUpon, iliyokurusha kwenye ukurasa wowote. Ilizaliwa Kanada mwaka 2001 na kufungwa 2018, na wapo wanaoililia hadi leo.

Siku hizi vichochoro vipo vingine. Wiby (wiby.me) ni injini ndogo ya kutafutia inayokusanya kurasa nyepesi za mtindo wa zamani, na ina kitufe cha kukubahatishia. Marginalia, kazi ya Viktor Löfgren wa Sweden, hupendelea kurasa zenye maandishi mengi na kuzisukuma nyuma zile zilizojaa madoido. The Useless Web ya Tim Holman, ya mwaka 2012, ina kitufe kimoja tu: bonyeza, upelekwe kwenye tovuti isiyo na kazi yoyote.

Lakini kwangu njia bora kuliko zote ni ile ya kizamani. Ukiipenda tovuti ya mtu, tafuta ukurasa wake wa viungo. Karibu kila mmoja wao ana orodha ya majirani anaowapenda, na ladha yake imekwishakuchujia.

Dhana: "Ni upuuzi wa kitoto"

Baadhi ni upuuzi, sibishi. Zombo.com ipo tangu 1999: unaifungua, sauti nzito inakukaribisha kwa heshima zote, inakuhakikishia kwamba hapo unaweza kufanya lolote, na hakuna unachoweza kufanya. Ndiyo basi. Nimemwonyesha mama yake kijana, akacheka hadi akakaa chini.

Sasa mfuate Agarwal kwenye ukurasa wake wa kina cha bahari, The Deep Sea. Unasogeza kidole kushuka, na namba ya mita inapanda pembeni. Viumbe wanapita mmoja mmoja, kila mmoja kwenye kina anakoishi. Mwanga unafifia. Karibu na mita 3,800 unakutana na mabaki ya Titanic, na kidole kimeanza kuchoka. Unavuka mita 8,848, yaani ungeuzamisha mlima Everest ungeishia hapo, na chini bado kupo. Mwisho ni karibu mita 11,000. Shuleni nilikariri kwamba bahari ni ya kina kirefu. Kidole changu ndicho kilichonifanya nielewe.

Josh Worth naye mwaka 2014 alichora ramani ya mfumo wa jua kwa kanuni moja: mwezi uwe pikseli 1, yaani nukta moja ya kioo cha simu. Kwa kipimo hicho jua linakuwa na upana wa pikseli 400 hivi, na dunia haifiki hata 4. Kisha unaanza kusogeza kuelekea pembeni. Weusi. Weusi tena. Huku na kule anakutupia sentensi ya kukuliwaza, maana hakuna kitu kingine cha kuona. Pembeni chini kuna kitufe cha kusafiri kwa mwendo wa mwanga. Kibonyeze, uone jinsi kitu chenye kasi kuliko vyote kinavyotambaa kama konokono. Kutoka kwenye jua hadi duniani utasubiri dakika 8 na sekunde 20. Vitabu vyote vya jiografia nilivyosoma vilipanga sayari kama shanga kwenye uzi, na hakuna kilichoniambia kwamba karibu yote ni utupu.

Wa tatu ndiye ninayemheshimu kuliko wote. Bartosz Ciechanowski (ciechanow.ski) huchapisha makala mojamoja, na huweza kupita miezi mingi bila kutoa kitu. Kila makala inaeleza jambo moja: saa ya mkono ya kukaza, injini ya gari, baiskeli, GPS, mwezi. Michoro yake si picha. Unaishika saa, unaigeuza, unaipunguza mwendo, unaona meno ya gia yakisukumana na springi ikijikunja na kujikunjua. Fundi saa aliyekaa mtaani kwetu miaka yote na kile kioo chake jichoni alikuwa anaona nini, nilikuja kujua hapo. Kama una mtoto anayefungua kila redio ndani ya nyumba, mpe huo ukurasa kwanza.

Na hata upuuzi una historia yake. Mwaka 1991 watafiti wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Cambridge walichoka kupanda ngazi na kukuta birika la kahawa ni tupu. Wakalielekezea kamera, kila mtu aliangalie akiwa mezani kwake. Mwaka 1993 picha hiyo ikaunganishwa na mtandao, na watu wa mabara mengine wakawa wanachungulia kahawa isiyo yao. Ilizimwa mwaka 2001, na birika likauzwa mnadani kwa pauni 3,350. Kamera zote za mtandaoni tunazotumia leo kuzungumza na ndugu walio Muscat au Minneapolis zina huyo babu mzaa babu: birika.

Dhana: "Zitanimalizia bando"

Kinachokula bando ni video zinazojicheza zenyewe. Ukurasa wa kwanza kabisa wa wavuti, ambao bado unaweza kuusoma kwenye info.cern.ch, hauzidi kilobaiti 5, wakati ukurasa wa kawaida wa siku hizi unapita megabaiti 2. Tovuti nyingi za watu binafsi zinakaa karibu na yule mkongwe, kwa kuwa ni maandishi na picha mbili tatu.

Low-tech Magazine, jarida la mtandaoni, limelipeleka jambo hili mbali zaidi. Tangu 2018 toleo lake moja linaendeshwa na paneli ya sola kwenye baraza ya nyumba Barcelona. Picha zimepunguzwa rangi na uzito, kimo cha rangi kwenye ukurasa kinakuonyesha betri imebaki kiasi gani, na mawingu yakitanda siku kadhaa tovuti inazimika hadi jua lirudi. Wenzetu wanashangaa. Sisi tunaijua hali hiyo, kwa jina la mgao.

Zipo za kuchunga. Radio Garden, iliyoanzia Uholanzi mwaka 2016, inakupa dunia ya kuzungusha kwa kidole, na kila nukta ya kijani ni redio inayotangaza sasa hivi. Utaisikia Mombasa, ukisukuma kidogo tu uko Bujumbura. Hiyo ni sauti mfululizo: redio ya kilobiti 128 kwa sekunde hula kama megabaiti 58 kwa saa. Na makala za Ciechanowski zinataka simu yenye nguvu kidogo.

Dhana: "Imeandikwa si salama, kwa hiyo ni ya matapeli"

Chrome ilianza mwaka 2018 kuwekea onyo hilo kila ukurasa usiosimbwa, yaani usiofichwa kwa msimbo. Maana yake ni kwamba kinachosafiri kati yako na ukurasa kinaweza kuchunguliwa njiani. Haisemi chochote kuhusu tabia ya mwenye ukurasa. Ukurasa wa 1998 kuhusu stempu haukuombi nywila wala namba ya simu, basi usome kwa raha, usijaze kitu. Matapeli wa leo wanasimba kurasa zao vizuri tu. Tovuti ikikutaka upakue faili ya kusakinisha kwenye simu, funga uondoke, iwe na onyo au isiwe nalo.

Dhana: "Nitaziona tu siku nyingine, kilichowekwa mtandaoni hakifutiki"

Kinafutika sana. Mwaka 2005 kijana wa Kiingereza, Alex Tew, aliuza ukurasa wenye pikseli milioni moja kwa dola 1 kila pikseli ili apate ada ya chuo, na vipande vya mwisho akavipiga mnada Januari 2006. Jumla alipata dola 1,037,100. The Million Dollar Homepage bado ipo, imejaa vijitangazo kama ukuta wa stendi. Bonyeza vipande kadhaa uone: vingi vinakupeleka kwenye tovuti zilizokufa au zilizouzwa kwa wengine.

Ukikuta kitu umekipenda, kihifadhi kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, maktaba ya mtandaoni inayotunza nakala za kurasa. Unabandika anwani, nakala inawekwa na tarehe yake. Hapo hapo ndipo unaweza kufukua magazeti tando yaliyozimika, kama unakumbuka anwani zake.

Dhana: "Ya kwangu nitaiweza wapi, sijasomea kompyuta"

Justin Hall alipoanza kuandika maisha yake kwenye wavuti, Januari 1994, alikuwa mwanafunzi tu wa chuo Marekani. HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, kwa ukurasa mmoja unaokidhi haja ni alama zisizofika ishirini, na wala hulipi mtu: Aprili 30, 1993 CERN, kituo cha Uswisi alikofanyia kazi Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa wavuti, iliitoa teknolojia ya wavuti kwa wote bila malipo.

Mpwa wangu alichukua kompyuta yangu mchana mmoja. Hakuniomba msaada ila mara moja, alipotaka kujua jinsi ya kuweka picha katikati. Jana amenitumia kiungo. Mandhari ni kijani kali ya kuumiza, juu kuna picha ya paka wa jirani, na chini orodha ya vyakula asivyovipenda, maharage yakiwa namba moja. Mama yake bado hajaiona.