Yusufu alifanikiwa lini?

Kila ninapofundisha kitabu cha Mwanzo huwauliza wanafunzi swali hili, na karibu wote hujibu kwamba Yusufu alifanikiwa siku Farao alipomvika kitani safi na mkufu wa dhahabu. Ndivyo wengi wetu tunavyosoma habari zake: mateso kwanza, mafanikio mwishoni. Andiko lenyewe halisemi hivyo.

Mwanzo 39:2 inasema, "Bwana akawa pamoja na Yusufu, naye akawa mtu wa kufanikiwa." Wakati huo yeye ni mtumwa nyumbani kwa Potifa, ofisa wa Farao. Ndugu zake wamemuuza akiwa kijana wa miaka 17, hana ujira, hana wa kumtetea. Baadaye anasingiziwa na kufungwa, na mstari wa mwisho wa sura hiyohiyo unarudia habari ileile: Bwana alikuwa pamoja naye gerezani, akayafanikisha aliyoyafanya. Ukifika sura ya 41, anaposimama mbele ya Farao akiwa na miaka 30, maneno hayo hayarudiwi. Tena ni akiwa tayari mtawala ndipo anapomwita mwanawe Efraimu na kuitaja Misri kuwa nchi ya mateso yake.

Nalikazia jambo hili kwa sababu linagusa mioyo ya waumini wengi ninaokutana nao, watu wanaodhani Mungu anawasubiri mahali fulani mbele: wakishapata kazi, wakishajenga, wakishaoa au kuolewa. Kwa Yusufu, Mungu alikuwepo katika miaka yote 13 iliyotangulia, na kipimo cha mafanikio kilikuwa huko kuwepo kwake, pamoja na uaminifu wa Yusufu katika kazi ambayo hakuichagua.

Yesu anafundisha vivyo hivyo katika mfano wa talanta, yaani fedha ambazo bwana mmoja aliwakabidhi watumwa wake, Mathayo 25. Mtumwa mmoja analeta faida ya talanta tano, mwingine mbili. Linganisha mstari wa 21 na wa 23 uone: sifa wanayopewa ni moja, neno kwa neno. Bwana wao hakuwapanga kwa wingi wa faida. Yule wa tatu naye hakulaumiwa kwa kupewa kidogo. Alimwona bwana wake kuwa mtu mgumu, akaogopa, akafukia. Mimi naamini kosa lake lilianzia hapo, katika kutomjua aliyempa.

Na nabii Yeremia je? Katika sura ya 25 anawaambia watu wa Yuda kwamba amesema nao miaka 23, wala hawakusikiliza. Mhubiri wa namna hiyo leo angeshauriwa abadilishe ujumbe. Mungu hakumwambia abadilishe.

Sisemi kwamba umaskini ni utakatifu. Lidia alikuwa mfanyabiashara wa rangi ya zambarau, na Yusufu wa Arimathaya, aliyemzika Bwana katika kaburi lake mwenyewe, alikuwa tajiri. Hata Mtume Yohana alimwombea Gaio afanikiwe na awe na afya. Hayo ni maombi ya rafiki kwa rafiki, na si haki kuyageuza mkataba wa kumdai Mungu. Tajiri wa Luka 12 alipotea kwa sababu nyingine. Msikilize anavyopanga: mavuno yangu, ghala zangu, nafsi yangu. Mungu hayumo kabisa katika hesabu zake, wala jirani.

Kwa hiyo nina ombi kwa wachungaji wenzangu. Wakati wa ushuhuda ibadani, tusiwasimamishe tu waliopandishwa cheo na waliopata gari. Yupo pia muumini aliyefukuzwa kazi kwa kukataa kutia sahihi hesabu za uongo, na bado anatafuta kazi nyingine. Tumpe nafasi sasa hivi, kabla hajaipata.