Henry Ford hakuwa mjomba wa mtu

Wiki iliyopita alinijia kijana mwenye karakana ya kuchomelea mageti. Ana mafundi sita. Kabla hajafungua hata daftari la mauzo akaanza: "Mwalimu, nataka niwapandishie vijana mshahara mara mbili. Henry Ford alifanya hivyo, wafanyakazi wake wakageuka wateja wake, akatajirika." Nikamuuliza, kati ya mafundi wako sita, wangapi wanahitaji geti? Akacheka. Mimi sikucheka, maana alikuwa wa tatu kuniletea maneno hayo ndani ya mwezi mmoja.

Nawashauri wafanyabiashara wadogo, mwaka wa kumi na moja huu, na sijaona kampuni ya kigeni inayosingiziwa kama Ford, ile ya magari ya Marekani. Kila semina ya uhamasishaji ina Ford wake. Si kwamba hana la kutufundisha, analo tele. Lakini watu wanabeba hadithi na kuacha hesabu, na utamu wote wa kisa cha Ford umo kwenye hesabu.

"Aliwapa dola 5 ili wanunue magari yake"

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo.

Tukio lenyewe ni la kweli. Tarehe 5 Januari 1914, James Couzens, aliyeshika fedha na biashara za kampuni, aliwasomea waandishi wa habari tangazo kwamba kiwanda cha Highland Park, Michigan, kitalipa dola 5 kwa siku ya saa 8. Hadi hapo malipo ya kawaida yalikuwa dola 2.34 kwa siku ya saa 9. Siku chache baadaye maelfu ya watu walijazana getini kwenye baridi kali wakitafuta kazi, hadi wakatawanywa kwa maji ya mipira.

Sasa shika kalamu. Kiwanda kilihitaji watu wapatao 14,000. Kampuni ilisema mpango huu ungewagawia wafanyakazi kiasi cha dola milioni 10 kwa mwaka. Gari lao, Model T, la watu watano, wakati huo liliuzwa kama dola 550. Tuseme wafanyakazi wote 14,000, bila kubaki hata mmoja, wangenunua gari mwaka uleule: inakuja dola milioni 7.7. Hayo ni mauzo, si faida. Toa chuma, toa mpira, toa mbao, toa mishahara yenyewe. Utoe milioni 10 ili zirudi milioni moja au mbili? Na mwaka unaofuata wangenunua nini, wakati Model T haikuwa maandazi ya kununuliwa kila asubuhi? Kiwanda kilikuwa tayari kinatoa zaidi ya magari 200,000 kwa mwaka. Waliomtajirisha Ford ni wakulima na watu wa miji midogo ya Marekani nzima, wala si wale waliokuwa wakikaza nati pale Highland Park.

Kama si hivyo, kwa nini alilipa? Rudi nyuma miezi michache. Mwaka 1913 wahandisi wake walianza kujaribu kazi inayomfuata mtu badala ya mtu kuifuata kazi. Walianza Aprili na sumaku ya kuwashia injini: kazi iliyomchukua fundi mmoja dakika 20 ikagawanywa kwa watu 29, ikashuka hadi dakika 13, na baada ya marekebisho hadi 5. Oktoba wakaja kwenye fremu ya gari lenyewe. Kuiunganisha kulikuwa kunachukua saa 12 na nusu. Mwanzoni mwa 1914, kwa mkanda unaotembea, ikawa saa 1 na dakika 33.

Hesabu hii kila mhamasishaji anaijua, ila haulizi mkanda ulimfanya nini aliyesimama mbele yake. Huyu anatia nati, yule anaikaza, yule wa tatu hajui hata wenzake wanafanya nini, kutwa nzima, na mwendo anaupanga meneja. Mafundi waliokuwa wakijivunia ufundi wao wakawa wanatupa vifaa wanaondoka. Mwaka 1913 kampuni ililazimika kuajiri zaidi ya watu 52,000 ili zile nafasi 14,000 zisibaki wazi. Hiyo ni asilimia 370: kila nafasi moja ilipitiwa na karibu watu wanne ndani ya mwaka. Na kila siku mtu mmoja kati ya kumi hakutokea kazini. Mkanda haumsubiri mtu. Pengo moja linawakwamisha mamia, na kila mgeni anahitaji siku za kuzoea huku akiharibu vitu.

Dola 5 zilikuja kuziba tundu hilo. Mwaka 1914 asilimia ya wanaoondoka ilishuka hadi 54, na 1915 hadi 16. Ford mwenyewe aliandika baadaye kwamba kulipa dola 5 kwa saa 8 kulikuwa miongoni mwa hatua bora kabisa za kupunguza gharama walizowahi kuchukua. Kupunguza gharama! Mwenye mali kasema, na bado semina zinamsemea mengine.

Halafu hawakuambii masharti. Dola 5 hazikuwa mshahara. Mshahara ulibaki ule wa zamani, na nusu iliyobaki iliitwa mgawo wa faida. Ili uupate ilikubidi uwe na miezi sita kazini na uishi "vizuri", na aliyeamua uzuri huo ni kampuni. Iliunda Idara ya Jamii, wakaguzi wakawa wanabisha hodi majumbani: unakunywa pombe? Unaweka akiba? Nyumba ni safi? Umepangisha wageni chumbani? Wahamiaji wasiojua Kiingereza walipelekwa darasani. Wanawake mwanzoni hawakuhesabiwa kabisa. Nikiwasimulia haya wateja wangu wanaguna, kisha wananiambia hata wao wangependa kujua vijana wao wanapeleka wapi hela. Hapo nabadilisha mada.

Wala usimfanye Ford mtakatifu. Kuanzia 1920 gazeti lake, The Dearborn Independent, lilichapisha makala za chuki dhidi ya Wayahudi kwa miaka, hadi akalazimika kuomba radhi 1927. Mei 1937 walinzi wa kampuni waliwapiga viongozi wa chama cha wafanyakazi kwenye daraja la kuingilia kiwanda cha River Rouge, mbele ya kamera za waandishi. Kampuni pinzani za magari, General Motors na Chrysler, walikuwa wameshakubaliana na chama hicho mwaka huohuo. Ford alisaini 1941, wa mwisho kati ya wakubwa watatu.

Kwa hiyo ninachomwambia kila anayekuja na dola 5: niletee daftari la walioondoka. Si la mauzo, la walioondoka. Mama mmoja mwenye bekari alikuwa na vijana watatu wa kukanda unga, na kwa mwaka mmoja alikuwa amebadilisha tisa. Asilimia 300, anamkaribia Ford wa 1913! Tulipopiga hesabu ya unga ulioungua, oda zilizochelewa na siku alizokanda mwenyewe, kuongeza mshahara kukawa rahisi kuliko kutoongeza. Kijana wa mageti naye akaenda kuhesabu. Miaka miwili, kaondoka mmoja, tena alihamia kwao Morogoro. Kama anataka kuwaongeza vijana wake kwa sababu wanastahili, awaongeze, ni jambo jema. Ila asitegemee maajabu ya Highland Park, kwa sababu ugonjwa uliotibiwa Highland Park yeye haumwi.

"Ningewauliza watu wanataka nini, wangesema farasi wenye mbio zaidi"

Maneno haya hayapatikani popote Ford alipoandika au kuhojiwa. Alifariki 1947, na yalianza kuvuma miongo mingi baada ya hapo. Lakini sigombani sana na nani alisema. Nagombana na matumizi yake. Kuna dada anauza vitenge, mzigo umekaa stoo miezi saba. Namwambia awaulize wateja wake rangi wanazotaka, ananijibu kwa farasi.

Kwanza, watu hawakuhitaji kuotea gari. Lilikuwa linaonekana barabarani, na walichokosa ni bei. Model T ilipotoka Oktoba 1908 ilianzia dola 825, na kufikia 1925 ya viti viwili iliuzwa 260. Ford alijua hasa watu wanataka nini: gari wanaloliona kwa tajiri, kwa bei ya mfuko wao.

Pili, alipoacha kusikiliza alilipia. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 zaidi ya nusu ya magari yaliyouzwa Marekani yalikuwa ya Ford. Kisha General Motors chini ya Alfred Sloan wakaja na rangi, mabodi yaliyofunikwa, muundo unaobadilika kila mwaka, na kubwa kuliko yote, mkopo. Kampuni yao ya kukopesha wanunuzi ilianza 1919. Ford alichukia madeni. Jibu lake la 1923 lilikuwa kibubu: weka dola 5 kila wiki, zikitimia uje uchukue gari. Ukidunduliza kwa gari la dola 300, ni wiki 60 za kutembea kwa miguu huku jirani anapita na Chevrolet, gari la General Motors, la mkopo. Wewe ungechagua lipi? Aliyeiongoza Chevrolet kuwapita Ford alikuwa William Knudsen, mtu aliyejenga viwanda vya Ford kabla ya kuondoka 1921. Edsel, mwana wa Ford, alikuwa akimsihi baba yake abadilike. Mei 1927 Model T ikasimamishwa baada ya magari milioni 15, na kwa miezi kadhaa kampuni haikuwa na gari jipya la kuuza, hadi Model A ilipotoka Desemba.

Nyingine za haraka haraka

*Ford alivumbua gari.* Karl Benz aliomba hataza yake Ujerumani Januari 1886. Ford alitoa kigari chake cha kwanza, chenye magurudumu ya aina ya baiskeli, Juni 1896. Na wazo la mkanda, watu wake walikuwa wameliona kwenye machinjio ya Chicago, ambako nyama ilining'inia na kupita mbele ya wakataji.

*Model T ilikuwa nyeusi tu.* Kuanzia 1914 hadi 1925, ndiyo. Kabla ya hapo kulikuwa na nyekundu, kijani na kijivu, na mwishoni rangi zilirudi, kwa sababu ambayo nimeshaitaja: Chevrolet.

*Alifilisika mara tano akiwa hohehahe.* Sijui watu wanazihesabu vipi hizo tano. Kampuni yake ya kwanza ya magari, Detroit Automobile Company ya 1899, ilivunjwa 1901. Ya pili aliiacha 1902 baada ya kugombana na wenye mtaji, nayo haikufa: iligeuka kampuni ya magari ya Cadillac. Hela zilizoungua zilikuwa za wawekezaji, naye kabla ya hapo alikuwa mhandisi mkuu wa kampuni ya umeme ya Edison pale Detroit. Ford Motor Company ya Juni 1903 ilianza na dola 28,000 taslimu, nyingi zikiwa za watu wengine. Ukiwa na mtaji wa mkopo wa kikundi, usijilinganishe naye.

"Ford haikuwahi kuomba serikali"

Hii huletwa na wanaochukia ruzuku, na ni nusu kweli. General Motors na Chrysler zilipokwenda mahakama ya kufilisika 2009 na kuokolewa kwa fedha za umma, Ford hawakuchukua fedha za uokoaji ule. Ila hawakuwa na misuli kuliko wenzao, waliwahi tu benki. Mwaka 2006, ambao walipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 12, chini ya mkuu mpya Alan Mulally walikopa zaidi ya bilioni 23 wakati mabenki bado yanakopesha. Waliweka rehani viwanda, hataza, na hata ile nembo ya yai la bluu. Wakauza Aston Martin, wakauza Jaguar na Land Rover kwa Tata ya India, kisha Volvo kwa Geely ya China. Dhoruba ya uchumi ilipopiga 2008, wao walishapata mkopo wao.

Na bado Mulally alikwenda Washington pamoja na wenzake. Aliomba mlango wa mkopo wa akiba wa dola bilioni 9 uachwe wazi, na aliunga mkono washindani wake waokolewe. Si kwa mapenzi. Wanaowauzia General Motors breki na viti ndio haohao wanaowauzia Ford, na wakifa hao mkanda wa Ford nao unasimama. Septemba 2009 walichukua mkopo wa serikali wa dola bilioni 5.9 kutoka Wizara ya Nishati, wa kurekebisha viwanda ili vitengeneze magari yanayokula mafuta kidogo. Nembo ilitoka rehani Mei 2012. Mkopo wa serikali waliumaliza 2022.