DAT ni pepa gani hasa, na wewe wa PCB huku Kusini inakuhusu?

Matokeo ya form six yakitoka tu, madogo wa PCB huku Mtwara na Lindi wanaanza kuulizana vyuo, na siku hizi kuna neno limeingia kwenye magrupu, DAT. Mtu kaona video ya mwanafunzi wa Marekani kazungukwa na vitabu anasema anajiandaa na DAT awe daktari wa meno, basi na yeye anauliza inafanyikia wapi, Dar au hata Mtwara mjini kuna senta? Hakuna. Mtwara hakuna, Dar hakuna, Nairobi hakuna. DAT, yaani Dental Admission Test, ni ya chama cha madaktari wa meno cha Marekani, ADA, inafanyika kwa kompyuta kwenye vituo vya Prometric, kampuni ya kusimamia mitihani, vilivyoko Marekani yenyewe, maeneo yake kama Guam na Puerto Rico, na Canada, basi. Wa huku anayeitaka apande ndege.

Ni mtihani wa kuombea chuo cha meno, wote wanapimwa kwa kipimo kimoja, ili chuo kiweze kuwalinganisha watu waliosoma vyuo tofauti ambavyo kila kimoja kinagawa A zake kinavyojua. Kwetu kazi hiyo NECTA ameshaifanya. Wa Ndanda na wa Dar wamekaa pepa moja la baiolojia siku moja, sasa chuo kikupe tena mtihani mlangoni wa nini? Kinaangalia Fizikia, Kemia na Baiolojia zako, unaomba DDS, digrii ya udaktari wa meno, pale MUHAS, chuo cha afya cha Muhimbili, kwa mfano, ukipata nafasi ni miaka 5 halafu intanship. Kule Marekani hawana mtihani wa taifa wa namna hiyo, na chuo cha meno mtu haendi akitokea sekondari, wengi wanakuwa wameshasoma digrii ya kwanza na masomo ya sayansi ya chuo yale yanayotakiwa, kwa hiyo hata uifaulu DAT namna gani, ukiwa na cheti cha form six peke yake haikupeleki popote. Hapa ndo video huwa zinaparuka.

Ndani ya DAT kuna mapepa manne, yote ya kuchagua jibu. La sayansi lina maswali 100 kwa dakika 90, baiolojia 40, kemia ya kawaida 30, kemia ya oganiki 30. Fizikia haimo kabisa, najua kuna watu wameshafurahi. Kuna la kusoma na kuelewa, habari 3 za kisayansi maswali 50 kwa saa moja, ambalo kwa mtu asiyezoea kusoma Kiingereza kirefu kwenye skrini ndo litamtesa kuliko hata kemia. Na hesabu, 40 kwa dakika 45.

La nne ndo linaloifanya DAT iwe ya meno, linaitwa PAT, yaani Perceptual Ability Test, maswali 90 kwa dakika 60, na humo hakuna cha kukariri hata kimoja. Wanapima jicho. Unaonyeshwa pembe nne uzipange kuanzia ndogo mpaka kubwa bila protrakta, na zinatofautiana kidogo mno. Unaonyeshwa umbo linavyoonekana ukilitazama kwa juu na kwa mbele, useme kwa ubavuni likoje. Unaonyeshwa boksi lililofunguliwa likalazwa, useme likikunjwa linakuwa lipi. Jingine ujaribu sasa hivi, chana karatasi ya kaunta buku iwe mraba, ikunje mara mbili iwe robo, itoboe na kalamu, halafu kabla hujaikunjua taja matundu yako wapi. Hayo rahisi, manne. Sasa ikunje kona tu, kisha ikunje tena kwa upande mwingine, toboa pale ambapo mkunjo wa kwanza haukufika, uone kama utasema upesi hivohivo. Kuna na la kuhesabu vipande vya mchemraba vilivyopangwa vikapakwa rangi pande zote zinazoonekana isipokuwa chini, wanakuuliza vingapi vimepata rangi pande mbili, ni kama umesimama mbele ya magunia ya korosho ghalani unaambiwa uhesabu na yale ya nyuma usiyoyaona.

Ukiona kama mchezo wa watoto, mwangalie daktari wa meno akiwa kazini. Gego la juu la mwisho, ule upande wa nyuma, halioni moja kwa moja, analiona kwenye kioo kidogo ambacho kimegeuza picha, na mkono wa pili una mashine inayozunguka ndani ya mdomo wa mtu anayetetemeka. Anatakiwa ajue kichwani lile tundu limeingia mpaka wapi na kuta zake zimelala vipi. Zamani walikuwa wanapima hilo kwa mikono kabisa, Marekani mwombaji alipewa chaki achonge, mpaka 1972 chaki ikatolewa yakaja haya ya kuangalia na kufikiria, na Canada kwa miaka mingi walichongesha sabuni. Binafsi naona chaki ilikuwa ya haki zaidi, maana kuona umbo kichwani ni kitu kimoja na mkono kutii ni kingine, ila kusahihisha vipande vya chaki vya maelfu ya watu nani ataweza.

Uingereza wao wana mtihani wao unaitwa UCAT, hiyo wanaifanya hata wanaoomba udaktari wa kawaida, na haina kemia wala baiolojia, ni mantiki, kusoma, hesabu na maamuzi. Tofauti na DAT, hiyo unaweza kuifanya ukiwa nje ya Uingereza.

Na alama, kabla hujachanganyikiwa: zamani DAT ilikuwa inatolewa kwa 1 mpaka 30, kuanzia Machi 2025 ni 200 mpaka 600. Kwa hiyo ukimsikia mtu kwenye video anashangilia 22 hajafeli, ni video ya zamani, hizo ni alama nzuri tu.