Je, wajua wanaastronomia hutambuaje mlipuko wa nyuklia juu ya nyota ya nyutroni?

Nyota ya nyutroni ina uzito unaolizidi Jua, ilhali upana wake ni kilomita 24 hivi. Ikiwa na nyota mwenza iliyo karibu, huinyonya gesi yake, na haidrojeni na heliamu hujitandaza juu ya uso wake. Tabaka likifika unene wa mita chache, joto na shinikizo huviunganisha viini vya atomi. Kwa kuwa tabaka ni jembamba mno, hata likivimba shinikizo chini yake halipungui, basi moto hauna cha kuutuliza. Uso mzima huwaka, ukatoa nishati ambayo Jua huitoa kwa siku kama tatu.

Mlipuko huo huonekana kama mmweko wa eksirei, na angahewa ya Dunia huzuia eksirei, kwa hiyo kazi ni ya setilaiti. Setilaiti ANS ya Uholanzi ilinasa mimweko ya aina hii mwaka 1975 kutoka chanzo cha eksirei kiitwacho 4U 1820-30. Mwanga hupanda ndani ya sekunde 1 hadi 10, kisha hufifia polepole zaidi. Ila umbo hilo pekee si ushahidi. Gesi ikianguka kwa mafungu nayo humweka; chanzo kiitwacho Rapid Burster hutoa aina zote mbili.

Kipimo cha kwanza ni joto. Mmweko hukatwa vipande vya robo sekunde hivi, na kila kipande hupimwa spektra yake, yaani jinsi mwanga wake ulivyogawanyika kwa viwango vya nishati. Joto likianza juu ya nyuzi milioni 20 kisha likashuka kadiri mwanga unavyofifia, huo ni uso unaopoa. Kabla ya hapo huondolewa mwanga wa kawaida wa gesi inayoanguka, na hapo ndipo penye mtego: mlipuko wenyewe unaweza kuongeza kasi ya gesi kuanguka. Ukitoa kiasi kile kile cha awali, joto unalopata si la kweli. Afadhali kiasi hicho kiachwe kibadilike katika hesabu.

Kipimo cha pili ni uwiano uitwao alfa: nishati ya gesi iliyoanguka tangu mmweko uliopita, igawanywe kwa nishati ya mmweko. Gesi hutoa nishati nyingi zaidi kwa kuanguka kuliko kwa kuungana viini, hivyo alfa huwa 40 hivi kwenye mchanganyiko wenye haidrojeni nyingi, na hupita 100 kwenye heliamu tupu. Ikikaribia 1 katika mfululizo mrefu, nyuklia haihusiki.

Shida ni kwamba setilaiti ya mzingo wa chini huzunguka Dunia kwa dakika 90 hivi, na sehemu ya muda huo Dunia huziba chanzo. Mmweko mmoja ukipotea, alfa huonekana maradufu. Kwa chanzo chenye nidhamu kama GS 1826-238, kilichomweka kwa miaka mingi kila baada ya saa 3 hadi 6, ni rahisi kugundua: ukisoma vipindi vya saa 5, 5, 10, 5, hiyo 10 ina mmweko uliopotea ndani yake.

Kilele nacho hudanganya. Kila fotoni, yaani chembe ya mwanga, inapoingia, kigunduzi hushughulika kwa muda mfupi sana na kuzikosa nyingine. Mwanga ukizidi, kilele hukatwa kikawa bapa. Mtu anaweza kudhani nyota imefikia kikomo cha mwanga ambacho gesi ya juu huanza kusukumwa nje. Baada ya kusahihisha hesabu ya fotoni, tazama joto: kwenye kikomo cha kweli, gesi huvimba na joto hushuka, kisha hupanda tena inaporudi chini, huku mwanga ukibaki karibu pale pale.