Stima ya Nyumbani: Dhana Potofu na Ukweli

“Shawa ikikutetemesha kidogo ukigusa mfereji, ni kawaida.”

Si kawaida hata kidogo. Huo ni umeme unaovuja, na wewe ndiwe njia yake ya kufika ardhini. Katika shawa nyingi za maji moto ya papo hapo, koili inayopasha maji moto hugusana na maji yenyewe, ndiyo maana waya wa athi (wa kijani na njano, unaopeleka umeme unaovuja ardhini) ni wa lazima. Fundi akiuacha ukining’inia, maji yatapata moto vizuri tu na mpangaji hatagundua lolote. Maji ya chumvi ya visima vya Nairobi huongeza uvujaji, kwa hiyo nunua shawa yenye koili iliyofunikwa. Ukihisi mtetemo, acha kuoga, zima meinswichi, na umwite fundi mwenye leseni ya EPRA (mamlaka ya kusimamia nishati nchini Kenya) aipime athi.

“Breka itaanguka kabla sijaumia.”

Dhana hii ndiyo hatari kuliko zote. Breka, yaani swichi inayojikata umeme ukizidi, hulinda nyaya zisiungue, haimlindi mtu. Mwili uliolowa una ukinzani wa kama omu 1,000. Kwa volti 240 utapitisha miliampea 240 hivi, yaani robo ya ampea. Breka ya shawa ni ya ampea 32, kwa hiyo haitashtuka. Lakini miliampea 10 hadi 20 tu hukaza misuli ukashindwa kuachilia, na zikizidi 30 mdundo wa moyo unaweza kuvurugika. Kinachomlinda mtu ni RCD (kifaa cha kukata umeme unapovuja) ya miliampea 30: hulinganisha umeme unaotoka na unaorudi, na ikiona pengo hukata mara moja. Bonyeza kitufe chake cha T kila miezi mitatu. Isipokata, ibadilishwe.

“Nina ndara.” Zikishalowa hazina msaada wa kutegemewa. Tena umeme unaweza kuingia mkono mmoja ukatokea wa pili, ukipitia kifuani.

“Tokeni zimeisha, naweza kufungua soketi.”

Mtu wa nyumbani akiziingiza, stima inarudi ukiwa umeshika waya. Zima meinswichi, kisha pima kwa testa uliyoijaribu kwanza mahali penye stima.

“Aliyenaswa avutwe haraka.”

Zima umeme kwanza, usije ukanaswa naye. Asipopumua, ita msaada na ukandamize kifua katikati, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Ikiwa ni waya wa barabarani ulioanguka, kaa mbali mita 10 au zaidi na upigie Kenya Power, 97771.