"Maji yamepungua, nimeongeza ya bahari"

Kila picha ya tumbawe laini (lisilo na mifupa ya mawe) lililosinyaa kwenye tangi la nyumbani, inayotumwa na wafugaji wa Shangani, Mikindani au Lindi mjini, huja na maneno hayohayo. Bahari iko jirani, ndoo ipo, basi mtu anachota na kumimina. Acheni jamani. Hivyo ndivyo mnavyoyaua.

Kinachokauka tangini ni maji matupu. Chumvi yote hubaki. Tangi la lita 100 lenye gramu 35 kwa lita lina kilo 3.5 za chumvi. Kwa joto letu, na feni ikipuliza juu ya maji, lita 2 kwa siku hupotea bila mtu kushtuka. Zifidie kwa maji ya bahari siku 10, umeongeza gramu 700: sasa ni gramu 42 kwa lita. Tumbawe laini husimama kwa maji yaliyojaa mwilini mwake, kwa hiyo ndilo la kwanza kunywea.

Chora mstari wa wino kwenye kioo, usawa wa maji. Kila asubuhi jaza hadi hapo kwa maji yasiyo na chumvi, yaliyochujwa kwa mashine ya RO, ile inayosukuma maji kwenye utando unaozuia chumvi. Maji ya bahari ni ya kubadilishia tu: toa lita 10, weka lita 10. Yachote bahari ikijaa, na wakati wa mvua kaa mbali na mlango wa Mto Lukuledi, maana maji baridi ya mto huchanganyika na ya bahari.

Chumvi ikishazidi, usiishushe kwa mkupuo, maana mshtuko huo nao unaua. Katika tangi hilo la lita 100, toa lita 4 kila siku na uweke 4 zisizo na chumvi. Kila mara hushuka chini kidogo ya gramu 2 kwa lita. Siku ya nne utakuwa umekaribia 35. Pima kwa refraktomita, kifaa cha kupimia chumvi ya maji, si kwa ulimi.

"Basi nitumie maji ya kiyoyozi." Hapana! Yamegusa mabomba ya shaba, na shaba kidogo tu ni sumu kwa matumbawe. Ya mvua kutoka paa la bati huja na zinki.

"Limejifunga, limekufa." Tumbawe la ngozi, aina mojawapo ya matumbawe laini, hujifunga siku kadhaa, pengine wiki mbili, likang'aa kama limepakwa nta, kisha utando ule hubanduka vipande vipande. Lielekezee mkondo wa pampu, usilihamishehamishe. Linalooza hunuka yai viza, na nyama yake huachia ute wa kahawia ukiigusa. Hilo litoe nje ya tangi, vaa glavu na miwani, kata kwa wembe mpya sentimita 1 ndani ya nyama nzima, suuza kwa maji ya tangi, rudisha.

"Liongezewe taa." Mara nyingi shida ni joto. Likipita nyuzi 30, punguza saa za taa na uwashe feni, ila ujue maji yatashuka chini ya mstari wako wa wino haraka zaidi.

"Nitang'oa jingine Msimbati." Pale ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, tangu 2000, na kung'oa tumbawe humo ni kosa. Omba kipande kwa mwenye tangi lenye afya.